Vitundu vya Chini

Mwanza, 14 Februari 1988

Fundi Obeid,

Salamu nitazitoa mwishoni. Kwanza maji.

Mama Jentrix ameniandikia kuwa gari-nyumba letu linavuja. Ameandika mstari mmoja tu, katikati ya karo ya Jentrix na bei ya vitambaa, kama mtu anayetaja kwamba kuku ametaga: "Juu ya kitanda kunadondoka kidogo." Nimeishi na mwanamke huyu miaka kumi na saba na ninaijua "kidogo" yake. Usiku wa kumzaa Jentrix alisema tumbo linamuuma kidogo.

Wewe unalijua gari lile kuliko mtu yeyote hapo Dunga. Limesimama kando ya karakana yako tangu shule iliponifukuza na kutaka nyumba yake ndani ya saa ishirini na nne. Nilipolinunua kwa yule mhandisi wa Ulaya aliyekuwa akirudi kwao, walimu wenzangu walicheka: Absalom amenunua lori lenye kitanda na jiko! Siku tulipotolewa vyombo nje hakucheka mtu. Kitanda tulikuwa nacho, paa tulikuwa nalo, na hakuna mwalimu mkuu aliyekuwa na ufunguo wake.

Sasa mwezi wa kumi na nne niko ng'ambo ya ziwa hilihili. Niliandika kurasa nane ambazo wakubwa hawakuzipenda, na nikikanyaga Kisumu nitashikwa kabla sijanunua gazeti. Hapa napanga herufi katika kiwanda kidogo cha kupiga chapa. Kadi za harusi, Fundi. Mimi!

Kwa hiyo nisikilize. Milka wangu hana nyumba nyingine. Kwetu Pap Onditi sijajenga, na kwao Kakamega ndugu zake wameshagawana shamba mpaka mtaro. Nikirudi, uwe mwaka huu au mwaka upi, nataka nimkute mke wangu chini ya paa lake mwenyewe, si kwenye baraza la mtu. Bandua ukuta, tafuta maji yanapopita, uyakate.

Barua hii inaletwa na shemeji yako Zeituni kwenye magunia yake ya dagaa. Usishangae harufu. Watu wananiambia nisiweke jina. Nitaliweka, maana ndilo pekee ambalo hawajanipokonya.

Salamu kwa wote.

Absalom


Dunga, 9 Machi 1988

Mwalimu,

Barua imefika ikinuka kama ulivyosema. Mke wangu alidhani ni samaki amesahauliwa kwenye koti.

Nimefanya kazi siku sita. Nilianza kwa kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kama ninavyogonga mashua. Ubao mzima hujibu. Huu wa juu ya kitanda haukujibu. Nikabandua plaiwudi ya ndani nikitarajia uozo wa ukubwa wa kiganja. Nikakuta uozo wa mkono mzima mpaka begani. Lile gari, Mwalimu, ni mabati laini kwa nje, plaiwudi kwa ndani, na katikati fremu ya mbao laini na sponji. Sponji ilikuwa imekunywa. Ubao wa fremu niliushika ukanikatikia mkononi kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Maji yanapita kwenye dirisha la paa na kwenye mshono ule mrefu wa pembeni. Nimekata mbao tatu mbovu, nimeweka mvule mahali pake, na mshono wa juu nimeupiga lami.

Jambo moja la ajabu. Chini kabisa, nje, pale mabati yanapokutana na sakafu, kuna vitundu. Kila hatua moja kitundu, kinaingia kidole cha mwisho. Nimehesabu ishirini na sita, gari zima. Nadhani mwenye gari alikuwa amefunga kitu hapo, akakifungua asizibe. Sasa wewe unanijua. Baba yangu alitoka Pwani akiifuata reli, akanifundisha kazi moja tu, kuzuia maji yasiingie kwenye chombo. Siwezi kulala nikijua kina matundu chini. Nimevipiga kalafati vyote, pamba iliyolowekwa lami, nikaishindilia kwa patasi kama mshono wa mashua. Hata ukilisukuma ziwani leo, litaelea.

Mama Jentrix hajambo. Cherehani yake inalia mchana kutwa, sare za shule.

Obeid bin Athumani


Mwanza, 30 Machi 1988

Fundi Obeid,

Nimeisoma barua yako kwa sauti hapa kiwandani, mbele ya vijana wawili wanaodhani ufundi ni kitu kinachotoka Ulaya ndani ya kreti. Niliwaambia: huyu hapa ni mtu wa Dunga, hana cheti, ameona kwa siku sita kosa ambalo kiwanda kizima cha huko hakikuliona.

Matundu ishirini na sita! Unaona jinsi watu hawa wanavyofanya kazi? Wanatutengenezea kitu kinachovuja, wanakiendesha mpaka kinachoka, kisha wanatuuzia kwa bei ya kipya na kutuambia tujifunze kutunza. Ndivyo walivyotuuzia reli, ndivyo walivyotuuzia katiba. Na sisi tunashukuru. Tunaogopa hata kuziba tundu, tukifikiri lazima mzungu alikuwa na sababu.

Hakuwa na sababu! Umefanya sawasawa. Ukipata kingine, ziba. Dirishani ziba. Chini ya mlango ziba. Usiniandikie kuniomba ruhusa, Fundi, ziba tu. Mvua za masika zikija, nataka gari lile liwe kavu kama hotuba ya waziri.

Mwambie Mama Jentrix aniandikie zaidi ya mstari mmoja.

Absalom


Dunga, 2 Mei 1988

Baba Jentrix,

Umesema niandike zaidi ya mstari mmoja. Haya.

Mvua inanyesha kila siku kuanzia saa nane mchana. Njia ya kutoka hapa kwenda mjini ni tope tupu. Jentrix amekuwa wa tano darasani, hesabu zimemwangusha, amerithi kwako. Nimepata kazi ya sare themanini, kaptura na magauni. Gari ni kavu. Fundi amefanya kazi nzuri.

Kuna neno ambalo ni lazima nikuambie kwa sababu utalisikia kwa Zeituni. Kiwanja hiki kimeuzwa. Aliyenunua anaitwa Gordon, ni mtu mpole, alikuja na kofia mkononi. Anataka kujenga banda la barafu la kuhifadhi samaki. Obeid atabaki na karakana yake kwa sababu iko upande wa maji. Sisi tumepewa hadi mwisho wa Agosti.

Tafadhali usifanye ghadhabu. Na tafadhali usiweke jina lako kamili kwenye barua. Wewe huko unajisikia shujaa. Huku ni mimi ninayezipokea.

Unakula vizuri? Hujawahi kuniambia unakula nini.

Milka


Mwanza, 21 Mei 1988

Mama Jentrix,

Mpole! Wote ni wapole wanapokuja na kofia mkononi. Mwalimu mkuu naye alikuwa mpole, alinisaidia hata kubeba kabati.

Mwambie huyo Gordon hivi, na umsomee ikiwa hajui kusoma sheria: ile ni nyumba. Watu wamelala humo, wamepika humo, mtoto amesomea mtihani humo. Nyumba haiondolewi kwa mdomo. Inahitaji notisi, inahitaji mahakama, inahitaji hakimu aamke asubuhi avae joho. Ingekuwa gari, sawa, gari huambiwa sogea. Nyumba haiambiwi sogea. Nimekuandikia barua ya kurasa tatu, iko humu ndani, mpe mkononi.

Lakini kwa kuwa najua nchi tunayoishi, fanya na hili pia. Nenda Pap Onditi kwa ndugu yangu Ochieng. Mwambie tutalivuta gari mpaka kwetu, tuliweke bomani upande wangu wa kushoto, ukae humo mpaka nirudi. Ochieng hawezi kukataa. Ardhi ile ni ya baba yetu sote.

Gari likae kavu tu. Likiwa kavu, lina magurudumu, tutalipeleka popote. Watakushindaje mwanamke mwenye nyumba anayoweza kuondoka nayo?

Absalom

(Nimeweka jina moja. Usiseme sikusikii.)


Dunga, 15 Juni 1988

Baba Jentrix,

Nilikwenda Pap Onditi Jumamosi. Shemeji Ochieng alinipokea vizuri, akachinja kuku, akasikiliza yote. Kisha akaniuliza, "Hiyo kitu ina kitanda?"

Nikasema kina.

"Ina jiko?"

Kina.

"Mtu analala huko ndani na anapika huko ndani. Basi hiyo ni nyumba, Mama Jentrix. Na nyumba haiingii kwa boma hivi-hivi. Mwenye nyumba lazima akuje yeye mwenyewe, asimamishe nguzo ya kwanza kwa mkono yake. Ndugu yangu yuko wapi?"

Nikamwambia, "Unajua alipo."

"Ndiyo. Na hawezi kuja. Na mimi siwezi kumsimamishia nyumba kama mtu aliyekufa. Unataka watu waseme nini? Waseme nimemzika?"

Mimi ni mtu wa Kakamega, si mimi wa kubishana naye juu ya boma la baba yenu. Nikamwambia mume wangu atasema ni gari. Akacheka. Akasema, "Huyo ni mwalimu, ataweza kusema chochote."

Sasa kwa Gordon umeandika kurasa tatu kwamba ni nyumba. Kwa Ochieng ulitaka niseme ni gari. Amua, Baba Jentrix. Mimi nitasema utakalo, lakini siwezi kusema yote mawili kwa wiki moja.

Mwishowe amekubali lisimame nje ya boma, karibu na lango, mpaka utakapokuja mwenyewe. Trekta la miwa litatuvuta tarehe thelathini Agosti. Barua yako sikumpa Gordon. Alikuwa amekuja kunipa pole kwa usumbufu, nikaona haya.

Milka


Dunga, 10 Julai 1988

Mwalimu,

Nimekaa na kalamu hii siku mbili.

Wiki iliyopita nilimwita Simiyu, kijana wa Bungoma anayejenga bodi za mabasi hapo mjini, aje aangalie kama gari litavutika mpaka Pap Onditi. Nilitaka aangalie magurudumu. Yeye alipiga magoti pembeni, akapapasa chini ya ukuta, akaniuliza, "Nani aliziba hizi?"

"Mimi."

"Wewe ni fundi wa nini?"

"Mashua."

Alicheka mpaka akashika tairi asianguke. "Mzee," akasema, "umelizuia hili gari kukojoa miezi minne!"

Kisha akanieleza, bila kucheka tena. Mashua maji yake yako chini, hivyo unaziba chini. Bodi ya gari maji yake yako juu. Kila skrubu, kila dirisha, kila mshono hunywa kidogo, hata uzibe vipi, na ukuta wenyewe hutoa jasho kwa pumzi za watu na mvuke wa sufuria. Yale maji huteremka ndani ya ukuta. Vile vitundu ndivyo njia yao ya kutokea. Kila basi linavyo. Kila lori linavyo. Nimepita kando ya mabasi maisha yangu yote, Mwalimu, sijawahi kuinama kutazama.

Nilichukua keekee nikatoboa kalafati yangu mwenyewe. Kitundu cha kwanza, maji yalitoka rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. Nilianza baada ya adhuhuri, na alasiri yalikuwa bado yanatoka. Masika yote yalikuwa yamesimama mle ndani, yamefungiwa na kazi nzuri niliyoifanya.

Ile mvule niliyoiweka ni nzima. Chini yake hakuna kitu. Boriti za chini, zile zinazoshika nyumba kwenye fremu ya chuma, nimezichoma bisibisi na ikazama mpaka mpini. Upande wa kulia wote. Upande wa kushoto nusu. Nikibandua huku nakuta kule kumeoza zaidi.

Nimekosa. Sina namna nyingine ya kuandika.

Obeid


Mwanza, 28 Julai 1988

Obeid,

Sikuiti fundi.

Nilikukabidhi kitu kimoja. Sikukukabidhi nchi, wala uchumi. Kitu kimoja chenye kuta nne na kitanda, na mwanamke ndani yake. Na wewe ukakizamisha nchi kavu! Wakubwa wangetuma watu kumi na shoka wasingefanya kazi safi kama yako. Unaniandikia habari za baba yako aliyetoka Pwani. Baba yako alikufundisha kuziba, hakukufundisha kuuliza? Mtu akiona vitundu ishirini na sita vimepangwa hatua kwa hatua, vyote ukubwa mmoja, vyote mahali pamoja, hajiulizi kwamba pengine kuna akili iliyoviweka? Mtoto wa darasa la tatu angejiuliza.

Sasa sikiliza na ufanye neno kwa neno. Inua bodi yote kwa jeki nne, moja kila pembe, magogo chini yake. Kata boriti za chini zilizooza mpaka ukute ubao unaojibu, kama unavyosema. Weka mvule mpya, unganisha kwa bolti si kwa misumari. Vitundu toboa vyote, na ongeza vingine. Anza Jumatatu.

Najua barua hii itakufikia baada ya Jumatatu tatu. Najua hilo. Nimeshika penseli hapa nachora boriti ambayo siwezi kuigusa, naichora mara ya tano, kijana wa kiwandani ananiuliza kama ni ramani ya kanisa.

Usimwambie Milka kwamba nimekutukana. Anakuheshimu.

Absalom


Dunga, 19 Agosti 1988

Mwalimu,

Matusi yamefika salama.

Ndani ya bahasha hii nimekurudishia barua yako ya tarehe thelathini Machi. Mstari unaoutafuta uko ukurasa wa kwanza, baada ya katiba. Isome, kisha uihifadhi wewe, mimi nimechoka nayo. Kosa la mkono ni langu. La mdomo tugawane.

Ulichonielekeza ni sahihi. Simiyu naye alisema hivyohivyo. Alisema pia ni kazi ya miezi miwili, na mbao za mvule za urefu ule hazipo Kisumu sasa, lazima ziagizwe. Leo ni tarehe kumi na tisa. Nguzo za Gordon zimeshaletwa, zimelala hapa mlangoni kwangu. Nilimwendea nikamwomba mwezi mmoja. Alisikitika kweli, macho yake niliyaona, lakini barafu imeshalipiwa na mashine iko njiani kutoka Mombasa.

Nimefunga boriti kwa kamba na vyuma pale ilipowezekana. Nimemwambia Mama Jentrix wazi kwamba sidhani itashika. Amesema tuvute tu, kwa sababu wewe unataka livutwe.

Mashua ikiharibika mimi huivuta mchangani, nikaipindua, nikaizunguka mpaka niijue. Hiki hakipinduki. Kila asubuhi nakizunguka, nakigonga, hakijibu, naondoka.

Kuna mengine ambayo si yangu kuyaandika.

Obeid


Manyatta, 4 Septemba 1988

Baba Jentrix,

Ona nilivyoandika juu ya barua. Manyatta. Nitafika huko.

Trekta lilikuja Jumanne saa tatu asubuhi. Dunga yote ilikuja pia. Wauza samaki waliacha meza zao. Seline, yule mwenye sauti, akapiga kelele, "Mama Jentrix, leo nyumba yako inaolewa! Mahari iko wapi?" Mwingine akamjibu, "Bwana harusi ni trekta, muone anavyotoa moshi!" Na mimi nilicheka. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani, sijui kwa nini.

Obeid alikuwa amefunga minyororo mwenyewe. Alizunguka mara tatu. Dereva akaweka gia, akavuta polepole, mnyororo ukanyooka, magurudumu yakatoka kwenye mashimo yake. Watu wakapiga makofi. Gari lilikwenda kama hatua kumi na mbili. Pale penye mtaro, gurudumu la kulia liliteremka, na nikasikia sauti, haikuwa kubwa, kama mtu anayepasua kitambaa.

Magurudumu na chuma chake vilivuka mtaro vikaendelea. Nyumba ilibaki. Ilikaa chini pale njiani, ikainamia kulia, halafu ukuta wa kitandani ukafunguka wote. Ndani kulikuwa kweusi. Dereva hakujua, alikwenda mpaka karibu na nguzo za Gordon akivuta chuma kitupu, mpaka watu walipokimbia kumsimamisha. Hakuna aliyecheka tena. Seline alikuja akanishika mkono. Obeid alikaa juu ya gogo akatugeuzia mgongo, na kwa muda mrefu hakuna aliyemwendea.

Mbao zimepewa watu wa kukausha samaki. Mabati amechukua Gordon, amelipa vizuri.

Sasa nikuambie. Sikuwa ndani ya gari lile tangu mwisho wa Aprili. Sare za shule zilianza kupata ukungu. Magauni kumi na mawili yalirudishwa, mama mmoja akanitupia mezani. Cherehani ilishika kutu kwenye mguu. Nikapanga chumba hapa mtaa wa Manyatta, kimoja, sakafu ya simiti, mlango wa mbao. Ni kikavu. Nilipokuandikia kwamba gari ni kavu nilikuwa nimekaa hapa, natazama dari hili. Obeid alijua. Nilimkataza kukuambia.

Utauliza kwa nini niliwaacha mtengeneze kitu nisichoishi. Ni kwa sababu barua zako zilianza kuwa ndefu tena. Mwaka jana uliandika mistari mitatu na mwandiko wako ulikuwa unatoka nje ya mstari, niliuona. Ulipopata ukuta wa kutengeneza, ukapona. Nilifikiri, acha awe na ukuta. Nilidhani kazi itakwisha siku moja, utasema sasa ni mzima, na tutapumzika. Sikujua kuoza hakuna mwisho.

Na juzi nimejua kitu kingine. Kwa miezi saba umeniandikia habari za dirisha, mlango, boriti na Gordon. Mimi sijui unalala wapi. Sijui una viatu gani.

Sitakwenda Pap Onditi. Sitakwenda Kakamega. Nitakaa hapa, nashona. Ukirudi, nyumba haipo, niko mimi. Na usipoweza kurudi, nami siwezi kufanya lolote, wala wewe huwezi. Tuache kujidanganya kwa misumari.

Usiniandikie tena namna ya kutengeneza kitu. Niandikie umekula nini.

Milka


Mwanza, 25 Septemba 1988

Mama Jentrix,

Barua yako imefika juzi. Nimeijibu mara nne. Jibu la kwanza lilikuwa kurasa sita na lilimhusu Gordon. La pili lilimhusu Obeid. Nilipofika katikati nikaisoma tena ile barua yangu ya Machi, nikaacha. La tatu lilikuhusu wewe, na hilo nimelichoma, si kulichana tu. La nne lilikuwa zuri, la upole, mpaka nilipojikuta nimeandika kwamba hakikisha mlango wa chumba hicho una komeo la ndani na bolti zipigwe kutoka... Nikaweka kalamu.

Nilikuwa na hoja, Milka. Bado ninazo. Nimezipanga usiku kucha na kila moja ni sahihi, na hakuna hata moja inayofika upande wa pili wa maji.

Mwambie Obeid nimemwita fundi.

Nalala nyuma ya kiwanda, kwenye chumba cha karatasi. Ni pakavu, karatasi haitaki unyevu. Viatu ni vilevile vya shule, vya kahawia, cha kushoto kimeachia soli.

Jana tulipiga kadi mia mbili za harusi ya watu wa Bukoba, nikakosea jina la bibi harusi, ikabidi turudie. Sikula mchana. Jioni nilipika maharagwe kwenye jiko la mkaa. Niliyaacha nikienda kutafuta chumvi, na duka lilikuwa limefungwa. Niliporudi yalikuwa yameungua chini.

Nilikula ya juu.

Absalom